Kigingi cha Mlango Wetu

Muthetheni, Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Leo ni siku ya kumi tangu niwe mke wa Musili, na bado nikiamka namwangalia kwanza nihakikishe ni kweli. Ni kweli. Analala mkono mmoja chini ya shavu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Daftari hili amenipa yeye, daftari la shule la kurasa tisini na sita. Pale kwenye jalada panapoandikwa "Somo" ameandika kwa hati yake nzuri: Maisha ya Kalunde. Ningekaa nikilibusu mchana kutwa, lakini kuna maharagwe motoni.

Jioni alinipeleka kuona shamba letu. Letu! Baba yake, mzee Bartholomew, ametukatia kipande kwenye mteremko chini ya boma lao, ambamo kwa sasa tunakaa chumba kimoja. Musili amechonga kigingi cha mti wa mukau akakipigilia mahali utakapokuwa mlango wa nyumba yetu. Alisimama mbele yake akabisha hewani. "Hodi?"

"Karibu, Mwalimu, chai iko tayari."

Tulicheka mpaka watu wa ng'ambo wakageuka kutazama.

Kuna jambo moja tu. Chini ya shamba kuna korongo. Kila mvua inyeshapo hupanda kidogo likimeza udongo. Musili amepima kwa miguu: kutoka ukingo wa korongo hadi kigingi ni hatua ishirini na mbili.

Alhamisi, 6 Oktoba

Leo nimeelewa mambo yalivyo. Nilikuwa nikichambua ndengu na mama mkwe, Kalondu, ambaye namwita Mwaitu kama wanawe wanavyomwita. Akaniambia polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, Musili si mwalimu wa kuandikwa. Mkataba wake unaisha muhula huu ukiisha. Mjomba wake amempatia kazi ya karani kwa ranchi huko Kinanie. Wanataka jibu kabla ya Krismasi."

"Na mimi?"

"Huko hawachukui mabibi. Atakuwa anakuja mwisho wa mwezi. Baba yake amesema hivi: kama shamba litasimama, akae alime na ajenge. Lakini korongo likipita kile kigingi, hakuna nyumba hapo, na mwanamume bila shamba aende akatafute kazi."

Mwisho wa mwezi! Nimekuwa mke kwa siku kumi na tatu na tayari naambiwa nigawanye mume wangu kwa thelathini.

Jumapili, 9 Oktoba

Tulienda misa. Musili aliimba sauti ya tatu. Hakuna mvua. Hatua ishirini na mbili.

Jumamosi, 15 Oktoba

Musili ana mpango. Ameuchora kwa rula kwenye karatasi ya miraba: ukuta wa mawe mbele ya mdomo wa korongo, urefu, upana, idadi ya mawe, yote. Kichwa chake ni kama kabati ambalo kila kitu kina rafu yake. Nilimtazama akichora nikahisi nimeolewa na injinia.

Nami nilitaka kusaidia. Alipotoka nilikaa kwenye kiti chake, nikashika penseli yake, nikafikiri. Saa nzima. Kilichotoka ni ua moja na jina lake mara tisa. Nadhani mimi si mtu wa mawazo. Mimi ni mtu wa kupenda, na hata hiyo ni kazi.

Jumatano, 19 Oktoba

Leo nikimwaga maji ya mahindi yaliyochemka, nilikuwa nimebana mfuniko juu ya sufuria. Maji hayakupita pale nilipotaka. Yalitoka pande zote mbili za mfuniko yakaniunguza vidole. Ghafla nikauona ukuta wa Musili, na maji yakiuzunguka kushoto na kulia. Niliuona wazi kabisa, kama picha ya ukutani.

Sikusema. Ningesemaje? Yeye ana karatasi ya miraba, mimi nina sufuria. Na mzee Bartholomew ameukubali mpango. Mzee ni mtu wa zamani, ananiheshimu kama mkaza mwana kwa ule utaratibu tunaouita nthoni: hatuketi pamoja, hatutazamani usoni, wala hasemi nami moja kwa moja. Akitaka nisikie jambo humwambia mbuzi wa kahawia aliyefungwa karibu na jikoni. Jana alimwambia, "Mbuzi, chai ya leo ilikuwa tamu." Basi mimi ni nani, nimwambie nini, kupitia mbuzi yupi?

Jumamosi, 22 Oktoba

Mwethya walikuja, majirani wa kusaidiana kazi, watu ishirini na zaidi, na nyimbo. Ukuta umejengwa kwa siku moja! Nilipika isyo, mahindi na maharagwe, sufuria mbili kubwa. Musili alipita katikati ya watu na kamba yake ya kupimia, shati limeshikana na mgongo, nikasahau chumvi kwenye sufuria ya pili.

Alhamisi, 27 Oktoba

Mvua ya kwanza, ndogo. Harufu ya udongo ilitufanya wote tucheke bila sababu. Ukuta umesimama. Korongo limekula hatua moja. Ishirini na moja.

Jumatatu, 31 Oktoba

Tumepanda. Mahindi, ndengu, na mbaazi pembeni.

Alhamisi, 3 Novemba

Mvua ilianza saa nane mchana, si ya kunyesha bali ya kumwagwa. Musili alikuja mbio kutoka shule, viatu mkononi. Tulisimama kwenye kigingi tumejifunika gunia moja, tukautazama ukuta. Mwanzoni maji yalifika yakasimama nyuma yake, mekundu, yakijaa. Musili alinibana mkono. "Unaona? Unaona?"

Kisha yakapata upande wa kushoto. Yalipita taratibu kama mgeni anayejipenyeza kwa mlango uliorudishwa tu. Halafu upande wa kulia. Halafu udongo wa pande zote mbili ukaanguka vipande vikubwa kama mkate, na ukuta wetu ukabaki katikati umesimama peke yake, haulindi kitu, kabla haujalala chali na mawe yake yote kwenda mtoni. Mbegu tulizopanda Jumatatu zilikwenda nayo.

Mvua ilipokatika Musili alipima. Alipima mara mbili kwa sababu hakuamini miguu yake.

Hatua kumi na moja.

Ijumaa, 4 Novemba

Sikuweza kula. Nilimwambia kila kitu tukiwa chumbani asubuhi, kabla hajaenda shule.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba yatazunguka. Niliona kwa sufuria."

Aliweka chini chaki zake. "Lini?"

"Kabla ya mwethya kuja. Siku tatu."

"Na ukanyamaza? Watu ishirini wakabeba mawe, wewe ukipika?"

"Ningesema nini, Musili? Wewe ulikuwa na hesabu. Mimi nilikuwa na mfuniko."

Sijawahi kumwona amekasirika. Kumbe masikio yake huwa mekundu. "Sasa kama ni mimi peke yangu nafikiria kwa hii nyumba, si ningebaki bachela?"

Akaenda. Nililia nikiosha vyombo, nikalia nikifagia. Mbuzi wa kahawia alinitazama. Huyo naye anajua siri zote za boma hili.

Lakini sikia! Alirudi saa saba, wakati wa chakula cha mchana, maili mbili kwenda na mbili kurudi, akasimama mlangoni akihema. "Nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu na nikakosea mara tatu. Watoto wamenicheka. Kalunde, hebu niambie. Lile wazo la sufuria lilikujia vipi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nyumbani kwetu niliambiwa naota mchana. Shuleni nilipata sifuri za hesabu na sifa za insha. Nikakumbuka mwalimu wangu wa Kiswahili, Bi Ngina, alivyosema akinirudishia insha kidato cha tatu: "Wewe msichana unaandika sentensi ya mwisho kwanza, halafu unarudi nyuma kutafuta ilikotoka. Sijui nani alikufundisha, lakini usiache." Mimi nilidhani ananisuta.

Musili akafikiri, mikono mfukoni. "Mimi wazo langu linakuja nikiwa nimekaa, kuna kimya, kuna mistari. Lako haliji hivyo. Basi tufanye utafiti. Wiki nzima, kila ukipata wazo zuri, hata dogo, andika kwa daftari lako: ulikuwa wapi, mikono ilikuwa inafanya nini, na kitu gani ulikiona kwanza."

Kisha akala haraka akaondoka, mimi nikabaki nimeshika sahani. Mungu, nilifanya nini cha kustahili mtu huyu?

Jumamosi, 5 Novemba

Wazo: kutoboa debe lililokatika mpini nilitie kamba. Mikono ilikuwa inateka maji. Kwanza nilijiona nimelibeba tayari.

Jumapili, 6 Novemba

Kanisani, hakuna wazo. Nilikuwa nimekaa kimya.

Jumatatu, 7 Novemba

Jembe la Mwaitu lilipotea, watu wakatafuta mahali lilipowekwa. Mimi nikawaza jioni ya jana: Mwaitu ameketi, amenyoosha miguu, anasema "Aiya, mgongo." Nikarudi nyuma kutoka hapo. Kabla ya kuketi alifungua ndama. Lilikuwa limeegemezwa kwenye mlango wa ndama. Mikono yangu ilikuwa inachambua ndengu na mdomo ulikuwa unaongea.

Jumatano, 9 Novemba

Mvua tena usiku. Wazo hakuna, hofu tupu. Hatua tisa.

Ijumaa, 11 Novemba

Musili amesoma kurasa zangu na kalamu nyekundu mkononi, lakini hakusahihisha kitu. Alipiga mstari chini ya maneno fulani kisha akanionyesha. Mawazo tisa. Hata moja halikuja nimekaa. Saba yalikuja mikono ikiwa na kazi, sita nikiwa naongea na mtu. Na yote tisa, yote, nilikuwa nimeona mwisho kwanza.

"Kumbe huna kichwa kibovu," akasema. "Unaingia tu kwa mlango wa nyuma."

Nimejiona mpya leo, kama siku nilipojaribu gauni la harusi. Mwezi mzima nimekuwa nikijilazimisha kukalia kiti cha mume wangu na kudhani kwamba kukosa wazo pale ni kukosa akili!

Jumamosi, 12 Novemba

Nitaandika yote, hata mkono uchoke.

Asubuhi Musili aliniuliza kwa makusudi, nikiwa nafua. "Kalunde, ni Krismasi. Umesimama kwenye kigingi. Unaona nini?"

Sikusita. "Naona maji yamelala. Yapo kwenye migomba ya Mwaitu, kule juu, yametulia kama ng'ombe anayecheua. Hapa kwetu ni unyevu tu."

"Kabla ya kulala yalikuwa yanafanya nini?"

"Yanatembea polepole."

"Kwa nini polepole?"

"Kwa sababu ni machache. Hayajakutana na wenzake."

Nikaacha nguo kwenye povu. Sote watu wazima tulikuwa tumemtazama mwizi alipotokea, hakuna aliyeuliza alipoingilia! Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikachukua beseni nikajifunika kichwani, nikayafuata maji kwa kupanda, nikitazama chini, kijito hadi kijito, mpaka juu ya boma, mpaka kwenye njia ya ng'ombe.

Njia hiyo hupitishwa ng'ombe wa soko. Huko juu nilimkuta Abdikadir, mfanyabiashara wa mifugo, amesimama na mwavuli, akingoja mifugo yake ipite.

"Mama, unatembea umeinama na beseni kwa kichwa. Nyumbani kuko salama?"

"Natafuta maji yanatoka wapi."

"Maji inatoka mbinguni, mama."

"Baada ya mbinguni."

Alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. Kisha akaangalia miguu yake, nami nikaangalia, tukaacha kucheka pamoja. Ile njia imekanyagwa miaka mingi mpaka imekuwa mfereji unaonifika magotini. Maji ya kilima kizima yalikuwa yakiingia humo, yakishuka moja kwa moja kuelekea shamba letu.

"Wallahi," akasema, "baada ya mbinguni inatoka kwa kwato ya ng'ombe yangu."

Nilishuka nikikimbia, beseni mkononi, nikamkuta Musili anasuuza zile nguo. Anasuuza nguo, mbele ya majirani! Nikamwambia: tukate maji huko juu yakiwa bado machache. Mtaro uyageuze kutoka njia ya ng'ombe, uyapeleke pembeni kwenye matuta ya migomba ya Mwaitu. Njia ya zamani izibwe na kupandwa mkonge. Ng'ombe wapite mgongoni mwa kilima, kwenye mwamba.

Musili akanitazama, shati langu likidondoka maji mikononi mwake. "Sasa hapo," akasema, "ndipo mimi nahitajika."

Jumapili, 13 Novemba

Baada ya misa tulipima. Mimi ningechimba mtaro ulioshuka kama ngazi, na ungekuwa korongo la pili. Yeye na pimamaji yake na kamba wamepata mteremko mdogo kabisa, maji yatembee bila kukimbia. Alipiga vigingi, nami nilishika ncha ya kamba. Sijawahi kufurahia hesabu hivi maishani.

Jumanne, 15 Novemba

Ilibaki kumwambia mzee. Musili alitaka kumpelekea karatasi, nikasema hapana, karatasi ilishamwangusha mara moja. Nikatengeneza kilima cha majivu katikati ya uwanja, mzee akiwa kwenye kigoda chake mbali, amegeuza uso. Nikachora njia ya ng'ombe kwa kidole, nikamwaga maji kwa kibuyu. Korongo likatokea. Nikachora mtaro, nikamwaga tena. Maji yakageuka.

Mzee akamgeukia mbuzi.

"Mbuzi, kwani kuna mtu anachezea maji hapa wakati wa kupalilia?"

Mwaitu akajibu kwa niaba ya mbuzi. "Hachezi. Anakuonyesha."

"Basi amwage mara ya tatu. Macho yangu ni mazee."

Nikamwaga. Alisogeza kigoda. Mwishowe akamwambia mbuzi waite mwethya Jumamosi.

Jumatano, 16 Novemba

Abdikadir amekuja kunywa chai. Hakukubali kwa urahisi.

"Mama, njia ya mwamba ni mbali. Ng'ombe yangu itafika soko imekonda."

Nilikuwa namenya viazi. Nikajiuliza: huyu mtu, mwisho wa siku yake anataka kuona nini? Anataka kuona wanunuzi wakitazama ng'ombe mwenye tumbo lililojaa. Kabla ya hapo? Ng'ombe amekunywa. "Tukichimba kidimbwi pale mtaro unapoanzia," nikasema, "ng'ombe wako watakunywa karibu na soko."

Alimtazama Musili. "Mwalimu, huyu ulimtoa wapi?"

"Masii," akasema Musili, kwa majivuno kama mtu aliyeshinda ng'ombe wa maonyesho.

Jumamosi, 19 Novemba

Mtaro umechimbwa. Wanawake waliimba wimbo wenye jina langu. Safari hii chumvi niliikumbuka.

Jumanne, 22 Novemba

Ng'ombe wamepita mwambani. Jua kali. Hatua tisa.

Ijumaa, 25 Novemba

Shule imefungwa. Musili amerudisha vitabu na chaki, mkataba umekwisha. Jioni barua ya mjomba iliwekwa mezani. Hakuna aliyeigusa.

Alhamisi, 1 Desemba

Ilikuja. Kubwa kuliko ile ya Novemba. Mawingu yalikaa juu ya kilima toka saa sita kama yanasubiri kila mtu afike. Tulipanda juu wote, Mwaitu na kanga kichwani, Musili na koleo, hata mzee, hatua thelathini nyuma yangu kama heshima inavyotaka.

Maji yaliingia kwenye mtaro. Yaligeuka. Nilipiga kelele ya furaha, kisha mahali pamoja, udongo mpya wa ukingo ukaanza kulegea na maji mekundu yakachungulia upande wetu. Musili alikuwa mbali, upande wa migomba. Niliruka nikakaa pale. Nilikaa kabisa, na gauni langu la kutokea, mgongo kwenye tope, miguu imekanyaga upande wa pili, nikawa ukuta.

"Mawe!" nikapiga yowe. "Leteni mawe!"

Aliyefika kwanza alikuwa mzee Bartholomew. Alikuwa na jiwe kifuani. Mbuzi hakuwepo. Alisita, akatazama pembeni, juu mbinguni, popote, kisha akasema, "Sogea kidogo, mwanangu."

Maneno matatu. Nikasogea. Akaweka jiwe, na Musili akafika na koleo.

Ijumaa, 2 Desemba

Homa kidogo. Musili amenipikia uji wenye mabonge na nimeumaliza wote. Alikwenda kupima peke yake. Nilimsikia akirudi akiimba sauti ya tatu.

Hatua tisa.

Jumatatu, 12 Desemba

Mvua. Tisa.

Jumapili, 18 Desemba

Maji yamelala kwenye migomba ya Mwaitu. Yametulia kama ng'ombe anayecheua. Nilisimama kwenye kigingi nikayatazama, na Musili akasimama nyuma yangu. Tisa.

Jioni aliandika barua ya Kinanie. Alimshukuru mjomba kwa nusu ukurasa kisha akasema hapana kwa mstari mmoja.

Jumatatu, 26 Desemba

Asante, Mungu, kwa Krismasi hii. Asante kwa Bi Ngina, popote alipo, kwa kumwambia msichana mmoja asiache. Asante kwa kwato za ng'ombe na mfuniko wa sufuria. Asante kwa mume aliyerudi maili mbili wakati wa chakula kuuliza swali.

Leo asubuhi mzee alishuka shambani pamoja nasi, na kamba ya kupimia msingi. Tangu siku ile ya jiwe hajasema nami tena, mambo yamerudi kwa mbuzi, na mbuzi alikuja naye, ameshikwa kamba. Mzee alizunguka kigingi. Akakitikisa. Akakohoa.

"Mbuzi," akasema, "muulize huyo mwenye kuanzia mwisho. Nyumba imekwisha kujengwa. Ni jioni. Yeye amekaa mlangoni. Anaona nini?"

Nilifumba macho, mikono yangu ikachuma majani ya mbaazi yenyewe. Mlango wa Musili unatazama korongo. Aliuweka hivyo ili aweze kulilinda. Lakini mimi, jioni ile, sikuona korongo. Niliona njia inayotoka juu, vumbi kidogo, na mtu amebeba jembe begani, anatembea kwa haraka ya mtu anayesubiriwa.

"Anamwona akirudi," nikamwambia mbuzi.

Mzee aliinama, akang'oa kigingi kwa mikono miwili, akakipeleka upande wa pili, ule unaotazama njia, na kukipigilia kwa jiwe. Kisha akampa Musili kamba, naye Musili akanipa mimi ncha.